Alama za Ziwani: Jinsi Kompyuta ya Kikundi Inavyoweza Kusaidia Mashua Zetu



Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 27, tunasoma habari za meli iliyomchukua Mtume Paulo ikashikwa na dhoruba siku nyingi. Usiku mmoja mabaharia walihisi kwamba nchi kavu iko karibu. Hawakubahatisha. Walipima kina cha maji wakapata pima 20. Wakapima tena mbele kidogo wakapata pima 15. Kwa kuwa kina kilikuwa kinapungua, waliogopa miamba wakatia nanga, wakangoja kupambazuke. Baharia mwenye akili hupima kwanza, kisha huamua.

Wazee wetu wa Muhuru nao walikuwa na vipimo vyao. Anayekwenda kaskazini kuelekea Karungu na Mbita alitazama milima ya Gwasi. Anayerudi nyumbani alilinganisha kilima na mti mkubwa, akajua mwamba uko upande gani. Elimu hiyo ni nzuri na tusiitupe. Lakini ina shida tatu: haifanyi kazi usiku wa giza au wakati wa ukungu, mti unaweza kukatwa, na mzee akifariki huondoka na alama zake zote kichwani.

Siku hizi vikundi kadhaa vinauliza habari za GPS, na vingine tayari vina mashine hiyo au simu iliyo nayo. Ila mara nyingi mashine imejaa namba ambazo hakuna anayejua ni za nini. Katika makala hii tutaeleza jinsi ya kuzipanga alama hizo kwa kompyuta, ili ziwe mali ya kikundi na ziokoe maisha.

GPS NI NINI?

GPS ni mfumo wa setilaiti za Marekani zinazozunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi. Kila setilaiti hutuma ishara inayosema iko wapi na ni saa ngapi. Mashine iliyo mkononi mwako husikiliza ishara hizo. Ikizisikia setilaiti nne au zaidi, inapiga hesabu na kukuambia uko wapi duniani. Mfumo huu ulikamilika mwaka 1995. Hapo mwanzo Wamarekani waliichafua kidogo ishara ya raia, hivyo mtu aliweza kukosea kwa mita 100. Mwezi wa Mei mwaka 2000 waliacha kufanya hivyo, na sasa mashine ya kawaida mahali palipo wazi hukosea mita chache tu. Urusi, China na nchi za Ulaya nazo zina setilaiti zao, na simu nyingi za leo zinasikiliza zote pamoja.

Watu huuliza, "Je, tunalipa bando?" Hapana. GPS inasikiliza tu kama redio. Hata mahali pasipo na netiweki kabisa, katikati ya ziwa, bado inafanya kazi. Kinachohitaji bando ni picha ya ramani kwenye simu, na hiyo unaweza kuipakua ukiwa nyumbani kabla ya kutoka.

Mahali ulipopaweka kwenye mashine huitwa waipointi, yaani alama. Alama zikiunganishwa kwa mpangilio wa safari, hiyo ni njia. Na mstari ambao mashine inauchora yenyewe kuonyesha ulikopita kweli, tuuite nyayo. Shikeni maneno haya matatu: alama, njia, nyayo. Alama ni mahali, njia ni mpango, nyayo ni ushahidi.

KOMPYUTA INAINGIAJE HAPA?

Mtu anaweza kusema, "Mashine yenyewe inahifadhi alama, kompyuta ya nini?" Fikirini hivi. Mashine ikianguka majini, alama zote zimekwenda nayo. Ikiibwa, mwizi amepata ramani yenu. Tena kuandika majina kwa vitufe vidogo kunachosha, kwa hiyo watu huacha majina ya mashine: 001, 002, 003. Baada ya mwezi hakuna anayekumbuka kama 002 ni mwamba au ni mahali pa mbuta.

Kwenye kompyuta mnaziona alama zote kwa pamoja, mnasahihisha majina, mnafuta zilizorudiwa, mnaandika maelezo, na mnaweka nakala. Kisha mnazirudisha kwenye mashine zote za kikundi, ili kila nahodha awe na alama zilezile. Si lazima kikundi kinunue kompyuta. Ya shule, ya parokia au ya saiba inatosha, mradi muwe na flashi yenu.

PROGRAMU ZA BURE

Programu zifuatazo hazilipiwi:

EasyGPS. Ni nyepesi, inafaa kompyuta ya Windows hata iliyo ya zamani. Kazi yake ni kupokea alama, kuzipanga na kuzirudisha kwenye mashine.

OpenCPN. Hii ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa mashua. Inapanga alama na njia, inaonyesha umbali na mwelekeo wa kila kipande cha safari. Mkiunganisha GPS inaonyesha chombo kinavyotembea.

GPSBabel. Huyu ni mkalimani. Kama mashine yenu ni ya zamani na haielewani na programu nyingine, GPSBabel hutafsiri faili kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Google Earth. Inaonyesha picha za kutoka angani. Inafaa kukagua kama alama ya kisiwa imekaa kweli juu ya kisiwa.

Programu hizi huelewana kwa faili la aina ya GPX, ambalo limetumika tangu mwaka 2002. Hata simu zinalielewa. Kwa hiyo sheria ya kwanza: kila kitu kihifadhiwe kama GPX. Mkibadilisha mashine au programu kesho, kazi yenu haipotei.

HATUA KWA HATUA

1. Chagueni mwekaji wa alama. Awe mtu mmoja mwangalifu, na msaidizi wake. Si lazima awe mvuvi. Binti aliyemaliza Form Four akasoma kompyuta kidogo anaweza kazi hii vizuri, na ni vyema awe mtu anayebaki nchi kavu.

2. Kusanyeni alama ziwani. Mkifika mahali, simamisheni chombo kadiri inavyowezekana, ngojeni dakika moja au mbili mashine itulie, ndipo mbonyeze kuhifadhi. Kwenye mwamba msiende juu yake! Wekeni alama pembeni palipo salama, na muandike, kwa mfano, "mwamba uko hatua 50 magharibi ya hapa." Nahodha awe na kidaftari ndani ya mfuko wa nailoni, aandike namba, siku, na aliyoyaona.

3. Hamisheni kwenye kompyuta. Mashine nyingi ukiziunganisha kwa waya wa USB huonekana kama flashi. Kwenye mashine nyingi za Garmin fungueni folda iliyoandikwa Garmin, kisha iliyoandikwa GPX, mnakili mafaili yaliyomo. Za zamani zaidi hutumia waya wa aina nyingine, na hapo ndipo EasyGPS au GPSBabel husaidia.

4. Toeni majina yenye maana. Mashine zingine za zamani hukubali herufi 6 tu, kwa hiyo tumieni herufi ya kwanza kama ufunguo. B iwe bichi, M mwamba, K kimbilio wakati wa dhoruba, Z mazalia ya samaki yasiyovuliwa, N nyavu. Hivyo BMUH01 ni bichi ya Muhuru, alama ya kwanza. Andikeni ufunguo huo kwenye karatasi na kuubandika ukutani.

5. Andikeni tarehe kwenye maelezo ya kila alama. Hili ni muhimu kwetu kuliko tunavyodhani. Maji ya Ziwa Victoria hayakai palepale. Mwaka 2006 yalishuka sana. Mwaka 2020 yalipanda hadi kiwango kilichofikia au kupita kidogo kile cha 1964, bichi nyingi zikamezwa. Tofauti kati ya miaka hiyo miwili ni zaidi ya mita 2. Mwamba uliotokeza kichwa mwaka 2006 ulikuwa umezama mwaka 2020, na mwamba uliozama ndio unaopasua mbao. Alama isiyo na tarehe inaweza kumdanganya nahodha.

6. Wekeni nakala tatu. Moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi inayokaa kwa mweka hazina, na moja iliyochapishwa kwenye karatasi. Faili lipewe jina lenye tarehe, ili mjue lipi ni jipya.

7. Rudisheni alama zilizosafishwa kwenye mashine na simu zote. Kabla ya kutoka, kila nahodha afungue alama moja anayoijua, kama bichi ya nyumbani akiwa amesimama palepale, aone kama mashine inasema amefika. Kama inasema yuko mbali, asitoke nayo. Kuna kosa mahali.

MAKOSA MATATU YANAYOPOTEZA WATU

Mwandiko wa namba. Digrii moja ina dakika 60, na dakika moja ina sekunde 60. Huku kwetu karibu na ikweta dakika moja ni kilomita 1.85 hivi, iwe mnakwenda kaskazini au mashariki. Sasa tazameni: mtu anasoma 53.50 kwenye mashine, yaani dakika 53 na nusu. Mwenzake anaandika dakika 53 na sekunde 50. Zinafanana, lakini dakika 53 na nusu ni sekunde 30, si 50. Tofauti ya sekunde 20 ni zaidi ya mita 600. Amueni kama kikundi: wote tutumie mwandiko mmoja, na mashine zote zipangwe hivyo.

Kusini na kaskazini. Sisi tuko kusini ya ikweta. Kwenye kompyuta, kusini mara nyingi huandikwa kwa alama ya kutoa mbele ya namba. Muhuru iko karibu na -1.0 na 34.1. Ukisahau ile alama ya kutoa, kompyuta haitakukemea. Itaiweka bichi yako karibu na mji wa Mbale, Uganda, kwenye miguu ya Mlima Elgon, kilomita 220 hivi kutoka nyumbani! Hapa Google Earth inasaidia: ukiona bichi yako iko milimani, cheka kisha usahihishe.

Kipimo cha ramani. Hili wengi hawalijui. Ramani za zamani za serikali katika nchi zetu zilichorwa kwa kipimo kiitwacho Arc 1960. GPS hutumia kipimo kiitwacho WGS 84. Ukichukua namba kwenye ramani ya zamani na kuziingiza kwenye GPS bila kubadilisha, alama yako itakosea mita 300 hivi. Si kwamba ramani ni mbovu, ila hizo ni rula mbili tofauti. Kwenye mashine kuna mahali pa kuchagua kipimo. Pawe WGS 84 siku zote, na namba za ramani ya zamani zipitishwe kwanza kwa mtu anayejua kuzibadilisha.

MPAKA HAUONEKANI KWA MACHO

Kwa nini tunasisitiza mita mia tatu au mia sita? Kwa sababu ya mahali tulipo. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani, bila kumuuliza mvuvi hata mmoja, walikubaliana kwamba mstari kati yao ungelikata ziwa kwenye digrii 1 kusini. Ndiyo maana sisi wa Muhuru tunaishi pembeni kabisa mwa Tanzania. Jirani yetu wa Shirati ni ndugu yetu kwa lugha na kwa ndoa, lakini akienda huku au wewe ukienda kule, kuna sheria, leseni na doria.

Upande wa magharibi kuna Migingo, kisiwa kisichofika hata ekari moja, ambacho kilileta mzozo mkubwa kati ya Kenya na Uganda miaka ya 2008 na 2009. Kutoka Migingo kwenda magharibi, maji ya Uganda yanaanza baada ya mita 500 hivi. Mita 500 usiku, na upepo unasukuma, ni dakika chache tu. Mtu anaweza kupoteza nyavu, injini na samaki, alale na korokoroni, akisema kwa kweli kabisa kwamba hakujua amevuka.

Basi mtu mwenye alama iliyokosea mita 300 kwa sababu ya rula ya Arc 1960 anajidhani yuko salama, kumbe ameshafika pabaya. Kwa sababu hiyo msichukue mstari wa mpaka kwenye faili la rafiki. Ombeni maofisa wa uvuvi, kupitia kamati yenu ya BMU, wawape namba zinazotambuliwa. Kisha kwenye kompyuta jichoreeni mstari wa onyo ndani zaidi, kilomita moja kabla ya mpaka, na mashine nyingi zinaweza kupiga kengele mkiukaribia. Nyayo zenu pia zihifadhiwe. Zikitokea lawama, mnaweza kuonyesha mlikopita na saa ngapi. Lakini angalieni: saa ndani ya faili mara nyingi ni ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa 3. Ikiandikwa 04:00, kwetu ni saa moja asubuhi.

TANGA HALIFUATI RULA

Ukiiambia mashine "nipeleke bichi," itachora mstari mmoja ulionyooka. Haijui kuna kisiwa katikati, haijui mwamba, na haijui upepo. Anayetumia tanga anajua kwamba usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu ukampeleka ndani, na mchana upepo wa ziwa humrudisha. Akitaka kwenda kinyume cha upepo lazima abishe, yaani aende kwa mshazari kushoto, kisha kulia, mpaka afike.

Kwa hiyo mnapotengeneza njia kwenye OpenCPN, msiweke alama mbili tu, ya kuondoka na ya kufika. Wekeni alama za katikati zinazozunguka miamba kwa mbali, na wekeni alama za K, za kimbilio, pande zote mbili za njia, ili upepo ukigeuka nahodha awe na mahali pa kukimbilia bila kurudi alikotoka. Programu itajumlisha umbali wote. Anayekwenda kinyume cha upepo aongeze nusu ya umbali huo au zaidi katika hesabu ya muda. Mwenye injini atumie umbali huo kupima petroli.

Tena msidanganywe na weupe wa ramani. Mahali ambapo kompyuta haionyeshi mwamba, si kwamba mwamba haupo. Huenda hakuna aliyepapima. Mwamba mnaoujua ninyi, na ambao hauko kwenye ramani yoyote, ndio hazina kubwa ya faili lenu. Waiteni wazee. Wakae na mwekaji wa alama, wataje miamba waijuayo, na vijana wakaithibitishe mchana wakati ziwa limetulia.

KIPI NI CHA WOTE, KIPI NI CHA MTU?

Hapa ndipo vikundi vinaweza kugombana. Mvuvi aliyetafuta mahali pazuri pa mbuta au ngege kwa miaka mingi hataki kila mtu apajue. Na alama ya nyavu ikifika mikononi mwa mwizi, nyavu zimekwenda. Kwa upande mwingine, mwamba unaoua ukifichwa, ni dhambi.

Tunashauri mafaili mawili. La kwanza ni la wote: miamba, bichi, vimbilio, mazalia, mstari wa onyo. Hili lipewe kila mtu, hata asiye mwanachama, hata jirani wa Shirati. La pili ni la mtu binafsi: mahali pake pa kuvulia na nyavu zake. Hilo akae nalo mwenyewe, na mwekaji wa alama asilinakili bila ruhusa. Sheria hii iandikwe katika katiba ya kikundi.

Faili la tatu ni dogo, lakini ndilo linaloweza kumrudisha mtu kwa watoto wake. Kabla ya kutoka, nahodha amwachie mtu wa nyumbani njia ya safari na saa ya kurudi. Saa ikipita, BMU na watafutaji wanajua waanzie wapi. Ziwa letu lina kilomita za mraba 68,800. Kumtafuta mtu bila kujua alikokwenda ni kazi ya kukata tamaa.

MWISHO, KUMBUKENI

GPS haielei na haizuii mawimbi. Jaketi la kuokolea linatangulia kila kitu. Betri huisha, kwa hiyo bebeni za akiba pamoja na dira, na mjue mwelekeo wa nyumbani kwa dira pia. Simu na mashine zikae ndani ya mfuko usiopitisha maji, zikifungwa kwa kamba. Sikilizeni utabiri wa hali ya hewa kabla ya kutoka. Mashine itakuonyesha njia ya nyumbani, lakini haitakuambia kwamba leo ni siku ya kukaa nyumbani.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Taja miamba mitatu inayojulikana na wazee wetu tu. Nani ataiandika, na lini?
2. Ni nani katika kikundi chetu anaweza kuwa mwekaji wa alama? Kompyuta iko wapi karibu nasi?
3. Mashua ikichelewa kurudi leo usiku, je, kuna mtu nchi kavu anayejua ilikokwenda?
4. Tutafanyaje ili jirani wa ng'ambo ya mpaka apate faili letu la miamba, na sisi tupate lake?